Mbuzi Asiye na Mwenyewe

Vitabu vya kilimo huandikwa na watu wasio na majirani. Vinaeleza udongo, mbegu, samadi, nafasi kati ya mche na mche, hata saa nzuri ya kumwagilia. Mbuzi hatajwi. Kuku hatajwi. Shemeji aliyekuja kusalimia na kikapu kitupu ndiyo kabisa. Ukimaliza kusoma unaamini kwamba adui mkubwa wa mchicha ni upungufu wa naitrojeni.

Mimi nalima nyuma ya nyumba, hapa Kibiti. Matuta machache tu: mchicha, bamia, bilinganya, nyanya chungu, matembele, na mipilipili ya kuwekea heshima mezani. Wakati wa masika kila mtu ni mkulima hodari, maana hata mbegu iliyotupwa jalalani huota. Mtihani ni kiangazi, kuanzia Juni mvua ikishaaga hadi vuli ikumbuke kurudi. Hapo ndipo ardhi yetu hujionyesha ilivyo, nayo ni mchanga. Mkorosho unaupenda mchanga huu, mnazi unaupenda zaidi. Mchicha haukuulizwa. Unamimina dumu la lita 20 alfajiri, maji yanazama unayaona, na ikifika saa nne tuta limekauka wakati wewe bado unahema.

Na hayo maji yenyewe basi! Bomba la kwetu lina saa zake, ila halimwambii mtu. Lisipotoa tunanunua kwa vijana wa mikokoteni. Mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya anajua hesabu, alikaa kibarazani na kalamu akapiga hesabu ya gharama ya maji ninayomwagilia fungu moja la mchicha. Alipomaliza alinionyesha karatasi bila kusema neno. Sokoni angepata mboga ya wiki nzima, na chenji ya kiberiti juu. Tangu siku hiyo akiandaa chakula huwaambia wageni, "Karibuni, mchicha huu msiubakize, umekula ada ya mtoto."

Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna maji yanayomwagwa ovyo. Ya kuoshea mchele yana tuta lake, ya kuoshea samaki yana lake. Mgeni akitaka kunawa namwekea beseni karibu na bilinganya, namsogezea kigoda, na ninamsifu kwa usafi ili anawe tena. Wapo wanaodhani nawapenda sana.

Dawa ya udongo unaokauka haraka inajulikana: matandazo. Unafunika tuta kwa nyasi kavu, jua haliugusi udongo, unyevu unakaa. Mabwana shamba wanasema kweli, nami sibishani nao. Ila chini ya nyasi zenye unyevu hujificha wadudu, na habari hizo kuku wanazo kabla yako. Ukimaliza kutandaza umetandika meza. Wanakuja familia nzima, wanachakura, nyasi huku, miche kule, mizizi inatazama mbingu.

Jirani yangu, mama mwenye kuku hao (ingawa akiulizwa husema wake ni yule mwekundu tu), aliniletea ushauri kwa moyo safi. "Baba, twanga pilipili, changanya na maji, nyunyizia. Kuku hatii mdomo tena." Nikatwanga. Nikanyunyizia. Nikapiga chafya kiasi cha mtaa mzima kuniombea afya. Kuku wakaja wakala, na nadhani walikula kwa hamu zaidi. Jambo lenyewe ni kwamba kile kinachowasha kwenye pilipili hutuwasha sisi wanyama tunaonyonyesha, lakini ndege hawausikii ukali wake. Wao humeza tunda wakaenda kudondosha mbegu mbali, na ndivyo pilipili za porini zinavyosambaa. Kwa hiyo nilikuwa nimewaungia mboga.

Nyanya sizizungumzii. Mdudu kantangaze aliingia nchini mwaka 2014 akitokea mbali, asili yake ni Amerika ya Kusini, na kiwavi wake akishaingia ndani ya jani au tunda huna la kumfanya kwa majivu wala kwa mwarobaini. Nanunua sokoni kama watu wengine.

Ikifika Julai na Agosti kuna jingine. Mikorosho inachanua, na ugonjwa wa ubwiriunga nao unaamka. Wenye mikorosho hutoka alfajiri, umande ukiwa bado majanini, na mashine zao za mgongoni kupuliza salfa. Vumbi la njano linapanda juu ya miti, linatafakari kidogo, halafu linakuja kwangu. Linatua kwenye mchicha, kwenye mashuka yaliyoanikwa, kwenye chai. Nilipomwendea mwenye shamba kumweleza, kwa adabu zote na shikamoo yake mbele, aliitikia "Marahaba, mwanangu," akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina habari ya bei ya mfuko wa salfa. Nikasema sina. "Basi shukuru," akasema, "wewe umepuliziwa bure."

Tumbili wao hawangoji msimu. Wanashuka kwenye miembe mtu akiwa msikitini, na sina shaka kwamba wanaisikia adhana. Bamia wanaichuma changa, wanaing'ata mara moja, wanaitupa, wanachuma nyingine. Mwizi anayemaliza alichoiba unaweza kumsamehe. Kwa ajili yao nilisimamisha sanamu: miti miwili, kanzu yangu ya zamani, kofia ya mkono iliyochoka, na kifuu kwa kichwa. Kwa muda tumbili walikaa mbali wakimchunguza. Binadamu ndio walioharibu kazi. Kila aliyepita njia ya nyuma jioni alimsalimia. Mzee mmoja wa mtaa alikwenda kulalamika kwa mke wangu kwamba siku hizi nimekuwa na kiburi, ananisalimia nami nimenyoosha mikono tu, sigeuki. Mdai wangu mmoja alisimama pale akamwaga malalamiko yake yote ya deni, na nasikia aliondoka ameridhika kwa jinsi alivyosikilizwa. Tumbili walikuwa wanaangalia yote haya. Walipoona watu wanamwendea yule mzee wa kanzu na hapigi mtu, nao wakamzoea. Sasa wanakalia mabega yake wakila bamia.

Bibi yangu alikuja kutoka Ikwiriri kutuona wakati huo. Bibi ni mtu wa bondeni, na mimi ni mjukuu, kwa hiyo ananiita mume wake na ananitania bila huruma. Alizunguka bustani mikono mgongoni, akatazama kuku, akatazama tumbili, akaniuliza, "Mume wangu, hapa umelima au umeandaa khitima?"

Kisha akakaa akanieleza kwao walivyolima. Bondeni Rufiji kiangazi si adui. Mto ukifurika masika, maji yakirudi yanaacha tope, na watu hupanda mlau: mahindi, kunde, maboga, choroko. Mazao yanakua kiangazi kizima kwa unyevu ulio ardhini, hakuna wa kubeba ndoo. Mto huo huo ukizidisha huchukua, kama Aprili 2024 ulipofunika mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti, na hapo hapana mzaha. Lakini ukienda sawa, udongo wake haupatikani dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa ya 1968, watu wengi wa bondeni walihamishiwa kwenye vijiji vya juu. "Tulihamishwa sisi," akasema bibi, "udongo ukabaki."

Nikamuuliza, na nguruwe je? Na nyani? Bibi alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani dungu lako liko wapi?" Dungu ni kibanda juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Mtu na familia yake wanahamia huko mazao yakianza kuiva, wanapika huko, wanalala huko, wanapiga kelele na debe hadi mavuno. Kwa bibi, kupanda ni siku chache. Kilimo chenyewe ni ulinzi. Nami namwamini kuliko vitabu vyote. Nilianza kupima nguzo. Mke wangu akauliza kama dungu litakuwa na nafasi ya nguo zangu zote au nitakuja kuzifuata kidogo kidogo.

Mjomba wangu, ambaye ni mtu wa deltani na hufika kwetu kwa kupanda mashua hadi Nyamisati, aliyasikia haya akacheka hadi akakohoa. Yeye analima mpunga jirani na mikoko. Kwake bahari hupanda na maji ya bamvua, chumvi inaingia shambani, na kaa hutoka mashimoni usiku kukata miche michanga. Kiboko naye akipita shambani, kesho yake huna cha kupalilia. "Wewe una mbuzi," alisema. "Mbuzi ana mwenyewe, utamshtaki. Mimi kaa nimshtaki kwa nani?"

Mjomba hajui mbuzi wa mtaani kwetu.

Huyo niliyemwacha mwisho ndiye aliyenitia umaskini. Ni beberu mweusi, sikio la kushoto limechanika, pembe moja imepinda kwa nyuma. Uzio wa miti anausukuma kwa kifua, wa miba anaula, wa bati anauruka. Hali hovyo. Anaanza na matembele, anapita kwenye bilinganya, anamalizia kwa kulala juu ya mchicha, palipomwagiliwa, penye ubaridi. Nilipeleka shauri lake kwenye kikao cha kitongoji, naye mwenyewe nikaja naye kwa kamba kama kielelezo. Mwenyekiti akauliza ni wa nani. Kimya. Wote tuliokuwepo pale tumekula harusi ambako mbuzi huyu alisifiwa kuwa baba wa vitoweo vyote, na siku hiyo alikuwa na wenyewe watatu wanaogombania sifa. Siku ya kesi akawa yatima. Mmoja alisema huenda ametokea Bungu. Mwingine akasema sura yake ni ya Jaribu. Kikao kikaamua nimhifadhi mimi hadi mwenyewe apatikane, na nimlishe vizuri asije akakonda mikononi mwangu.

Sasa mchicha anaupata kihalali.

Kwa hiyo natoa ombi hili kwa yeyote asomaye kuanzia Mjawa hadi Mchukwi: mwenye beberu mweusi, sikio la kushoto limechanika, aje amchukue kabla ya vuli. Fidia ya bamia sidai. Kamba ninayo, nitampa bure.