Mhakiki wa Kibanda Umiza

Mwulize mhakiki wa kibanda chetu cha video kuhusu filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. "Haina mapigano," anakujibu, naye hajaiona. Lakini Commando ya 1985, ambamo Schwarzenegger anamaliza jeshi zima peke yake, hiyo ndiyo yenye uhalisia: steringi hafi! Aliitazama kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu kwa Kiswahili, kwa hiyo nusu ya maneno anayoyasifu Hollywood haijawahi kuyaandika.

Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana papa hapa Kariakoo kupinga filamu za nje. Mhakiki wetu angewaunga mkono, ila alikuwa katikati ya tamthilia ya Kikorea. Bongo Movie, anasema, mwisho wake unajulikana mapema. Hiyo ya Kikorea anairudia mara ya tatu.