Nimeingia Nyumba ya Watu Kinyumenyume

Juzi asubuhi, mbele ya watalii waliokuwa wameshika simu tayari, niliingia nyumba ya bibi mmoja wa Kiponda kwa mgongo, miguu ikafuata baadaye. Kisigino cha kulia hakijapona. Heshima siihesabu tena, maana picha zimeshafika Barcelona.

Ilikuwa ziara ya miguu ya nusu siku ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, aina ile wanayouziwa wageni mapokezi hotelini. Pale Forodhani kiongozi alinitazama, akaangalia orodha yake, akanitazama tena. "Kaka, wewe si wa hapa hapa?" Nikamwambia nimelipa. Akanipa chupa yangu ya maji shingo upande, na tangu hapo kila mgeni aliyetaka choo aliniuliza mimi.

Ngome Kongwe tuliipita upesi. Waomani waliijenga baada ya Wareno kufurushwa mwishoni mwa karne ya 17, na leo ndani yake panauzwa picha za Wamasai. Tukajipenyeza vichochoroni. Kiongozi alikuwa hodari, lazima niseme. Alituonyesha misikiti ya Ibadhi ambayo haina minara mirefu, kiasi kwamba unaweza kupita mlangoni usijue umepita msikiti. Akatuonyesha ya Bohora na ya Ithnaasheri, akatusimamisha tusikie adhana upande mmoja na kengele ya hekalu la Wahindu upande wa pili. Mjerumani mmoja aliuliza vipi watu wanalala. Kisha tukafika mlangoni kwa bibi.

Kama hujawahi kuutazama mlango wa Unguja kwa umbali wa pua, nikueleze, kwa sababu mimi nimeutazama hivyo. Mlango wa zamani hauna bawaba. Kila ubao umeachiwa kidole cha mti juu na kingine chini, na vidole hivyo vinazunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye kizingiti na kwenye fremu ya juu. Ndiyo maana mbao nzito namna ile hufunguka bila kelele. Nasisitiza hapo: bila kelele. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, husimama mfaa, nguzo nyembamba iliyonakshiwa toka juu hadi chini. Ukikuta mlango wenye kichwa cha mraba na maandishi ya Kiarabu juu yake, huo ni mtindo wa zamani wa Kiomani. Wenye upinde juu ulikuja baadaye, karne ya 19 ikielekea ukingoni, kwa ladha ya Wahindi. Pembeni kuna samaki, mawimbi, maua, na mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu yote. Kiongozi wetu alisema mnyororo maana yake ni ulinzi. Kiongozi wa kundi lililotutangulia, nilimsikia kwa masikio yangu, alisema maana yake mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Mlango ni huo huo.

Halafu kuna misumari ya shaba, yenye vichwa vikubwa vilivyochongoka. Mtindo huo ulitoka India, ambako inasimuliwa kwamba ilipigiliwa kuwazuia tembo wa vita wasisukume milango kwa vipaji vya nyuso. Unguja tembo wa vita hatuna. Misumari imebaki pambo, inangoja mtu.

Mtu akaja, juu ya vespa. Alibeba trei za mayai mbele na nyuma, na kichochoro kile watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi. Wenzangu wakaruka juu ya baraza, ile ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta, ambayo mvua kubwa ikinyesha ndiyo inageuka njia ya kupita. Nafasi ikaisha. Nikajibana mlangoni, tumbo ndani, begi la mgongoni limegandamana na mbao. Mayai yakapita salama. Nilipotaka kujinasua sikwenda popote: kile kitanzi cha juu cha begi kilikuwa kimevaa msumari wa shaba barabara, kana kwamba fundi alivipima pamoja.

Nilikuwa bado natafakari namna ya kulimaliza jambo hili kimyakimya ndipo mwenye nyumba alipofungua, kuangalia nani anamkwaruzia mlango. Milango hii hufungukia ndani. Ubao ukaenda, msumari ukaenda, begi likaenda. Mimi ningebaki nje, lakini nilikuwa nimelivaa begi. Visigino vikagota kwenye kizingiti, ambacho kimenyanyuliwa juu makusudi kuzuia maji ya mvua, nami nikaingia dakani nimelala chali, nusu nimeketi na nusu ninaning'inia. Paka watatu walitoka kwa njia niliyoingilia mimi.

Bibi alisimama na ungo wake wa mchele, akanitazama chini.

"Hodi hubishwa kwa mdomo, mwanangu. Haibishwi kwa mgongo."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeumia?"

Kabla sijajibu, nilimsikia kiongozi nyuma yangu, kwa sauti ile ile ya ziara, akiwaambia wageni: na hapa mnajionea wenyewe ukarimu wa Waswahili, mlango wao hauna mgeni. Simu zikanyanyuka zote. Bibi, kwa haya zake, akataka kufunga mlango asipigwe picha, lakini kila alipousukuma nami nilikwenda nao, akiurudisha, narudi. Wageni wakadhani ndiyo sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Dada mmoja wa Kihispania akaomba, kwa adabu sana, nirudie kuanguka kwa sababu picha yake imetoka na ukungu.

Mjerumani ndiye pekee aliyeelewa, akatoa kisu kidogo. Kiongozi akamdaka mkono. "Hapana, hapana, msumari wa zamani huo! Kata begi." Wakakata begi. Nimelinunua mwezi uliopita.

Nilidhani yameisha. Bibi ndiyo kwanza alikuwa anaanza, na si kwangu. "Wewe kijana," akamwambia kiongozi, "kila siku ya Mungu mlango wangu, mlango wangu. Leo umeamua kunimwagia na watu ndani?"

"Samahani, bi mkubwa."

"Samahani haizibi dari." Akanyoosha ungo juu.

Nami, kwa kuwa nilikuwa bado chini, niliiona dari vizuri kuliko wote. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba: mti wa mkoko hauendi mbali kabla ya kuanza kunesa, kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kama mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta, hata kwa tajiri. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua, unyevu unaingia na kutoka. Mtu akija na saruji kwa nia njema akapiga plasta juu yake, unyevu unafungiwa ndani, ukuta unaoza taratibu na boriti inaoza palepale ilipochomekwa. Dakani kwa bibi boriti mbili zilikuwa zimekatika, zimeegemezwa gogo la mnazi. Plasta ya saruji ilikuwa imevimba na kuachia vipande vipande. Mlango tu ndio mzima, na mlango ndio unaopigwa picha.

Nyumba nyingi za humu zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu, na wapangaji wake wengi hawana uwezo wala ruhusa ya kugusa ukuta. Mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wageni wanalipa hoteli, hoteli inalipa kampuni, kampuni inamlipa kiongozi, kiongozi ananunua chupa za maji. Nikamuuliza, nikijipangusa, fungu la bibi katika ada ile ni lipi. Akatazama saa. "Kaka, twende, kanisa litafungwa."

Tukaenda. Hekaluni Hurumzi nilivua viatu nikatoka na ndala za mtu mwingine. Hamamni, kwenye hamamu ya Sultani Barghash, niliteleza, lakini hakuna aliyeshangaa. Mkunazini, kanisani, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873, tuliambiwa kwamba baadhi ya nguzo zimesimamishwa kichwa chini: mafundi waliziweka hivyo Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, akiwa safarini, naye akarudi akaziacha. Nilimpenda askofu yule. Nje, penye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni, mmoja wa wenzetu aliwaagiza wengine watabasamu.

Shangani, kwenye nyumba inayotangazwa kuwa ya Freddie Mercury, Mparsi aliyezaliwa Unguja 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, wageni waliimba na mimi nikashikishwa simu niwapige picha.

Beit el Ajaib, jumba la 1883 lenye jina, walinzi na wafadhili, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu. Nyumba ya bibi ina gogo la mnazi. Basi wenye kampuni za ziara, pigeni hesabu ya milango mnayoionyesha kwa siku, muwalipe wenye milango hiyo, walau fedha ya chokaa na boriti. Mkitaka risiti, bibi anajua kuandika, na mimi nitakuja kuweka sahihi kama shahidi.