Jinsi ya Kusema Okei Bila Kukubali Chochote

Kwanza ujue unashika neno la aina gani. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post huko Marekani lilichapa herufi O na K, kifupisho cha "oll korrect", yaani "yote sahihi" yakiwa yamekosewa kwa makusudi. Vifupisho vya mzaha vilikuwa fasheni ya wahariri wakati huo, na vingi vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aligombea tena, na wafuasi wake wakamnadi kwa jina la Old Kinderhook. Van Buren akashindwa, O.K. ikabaki madarakani hadi leo.

Tuje kwenye matumizi. Ukiulizwa pilau ilikuwaje, usithubutu kujibu "ilikuwa okei" kama bado unataka kualikwa. Dalali naye akikwambia injini iko okei, chungulia chini ya gari.

Kama wewe ni mwalimu, funga kila maelezo kwa "Okei?" Darasa litaitikia "Okeeei!" na watakaopaza sauti kuliko wote ni wale wa nyuma ambao hawajaambulia kitu. Futa ubao, endelea.

Kazi ngumu iko kwenye simu, maana kwetu okei moja haikati simu. Anza na "Okei basi." Mwenzako atajibu, "Okei, haya." Wewe: "Haya, sawa, okei." Yeye: "Okei, wasalimie." Kidole kikishafika kwenye kitufe chekundu, ndipo atakapokumbuka: "Eh, na ile hela yangu?" Hapo toa okei ya kuvuta, inayoanzia juu na kushuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Maana yake ni kwamba umesikia, basi. Usiitajie tarehe, ukishataja Ijumaa, hiyo si okei tena, ni deni lenye ushahidi.

Kwenye meseji, pima urefu. Umeandika aya tatu za kujieleza kwa nini ulichelewa kurudi, umejibiwa "K". Usiandike ya nne. Pitia sokoni, nunua samaki, rudi mapema. Kompyuta haina hasira hizo, ila ina ujeuri wake: inakutangazia kwamba faili lako limeharibika, kisha inakupa kitufe kimoja tu cha kujibu, OK.

Wanaozamia kule Mafia au Pemba wajifunze upya. Chini ya maji, okei ni duara la kidole cha shahada na gumba. Ukiinua dole gumba ulivyozoea barabarani, mwongozaji ataelewa unataka kupanda juu, na safari yako ya kutazama matumbawe itaishia hapo. Duara hilohilo, ukimwonyesha mtu mtaani Brazili, ni tusi zito. Ukienda kuzamia huko, subiri kwanza maji yakufunike kichwa.