Sifa za Mheshimiwa Rezista

Nyamongo ina dhahabu ya kuchimbwa, na wasifiaji wake ni wengi. Mimi naisifu dhahabu ya kupakwa: rezista, kidude cha alumini cha rangi ya dhahabu ambacho fundi umeme wa magari hukificha nyuma ya taa.

Mheshimiwa Rezista huitwa pale mwenye gari anapochoshwa na glopu za waya akaweka LED. Glopu ya breki ya wati 21 ilikuwa ikivuta ampea 1.75 hivi, LED inatosheka na wati tatu. Badala ya kushukuru, gari linanuna. Lenyewe hupima uhai wa taa kwa ulaji, kwa hiyo anayekula kidogo huhesabiwa marehemu. Gari la Ulaya litawasha onyo kwenye dashibodi. Noah kuukuu ya Tarime, isiyo na maneno mengi, ikiwekewa LED kwenye indiketa, itazipepesa mbiombio hadi abiria waulizane kulikoni.

Mheshimiwa akifika, anaunganishwa sambamba na LED na kukabidhiwa kazi moja tu: kula. Mwenye omu 6, kwenye volti 12, anakula ampea 2, yaani wati 24, na hamulikii hata sisimizi. Jumlisha tatu za LED, unapata 27. Tulibadili taa ili tubane matumizi. Sasa tunatumia kuliko zamani, na gari limeridhika kabisa.

Wenye wivu watasema anachemka. Ni kweli, anaunguza kidole, na akifungwa kwenye plastiki huiyeyusha. Fundi makini humfunga kwenye bati la bodi. Lakini nionyesheni mwingine anayetokwa jasho hivyo kwa kazi isiyokuwepo.

Mwaka 2016 serikali ilipowasaka watumishi hewa, huyu hakuguswa, ingawa hata LED zikifa kweli yeye huendelea kupokea mgao, na gari likaamini wote wapo kazini. Dereva anatoka Mugumu jioni kuelekea Fort Ikoma, tembo waliotoka hifadhini wanakatiza barabara, anakanyaga breki. Dashibodi safi. Anayemfuata haoni chekundu chochote, anamgonga. Trafiki akija kuuliza habari za taa, dereva ataapa kwamba gari halikumwambia kitu, na hapo hatakuwa amesema uongo hata kidogo.