Nusu ya Uso

Mtu wa Bujumbura ni mgumu kumwibia lakini ni rahisi kumuuzia, mradi umwamkie vizuri kwanza. Akishaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mvua, kisha akapewa kiti, hawezi tena kuinuka na kuondoka hivi hivi. Ataonekana hana adabu. Wauza vipodozi wa mjini wamelijua hilo. Ng'ambo, Marekani na hata Ulaya, wauza krimu za Bahari ya Chumvi wamevuma kwa kuwadaka watu mkono kwenye korido za maduka makubwa. Wa kwetu hawakudaki. Wanakupa kiti.

Duka lenyewe liko katikati ya mji, na jina lake nitalihifadhi. Lina kiyoyozi, na kwa joto la Septemba, mvua zikiwa bado zinajivuta, kiyoyozi peke yake kinatosha kumwingiza mtu ndani. Kijana wa shati jeupe akasimama mlangoni: "Amahoro mama. Ingia upumzike na jua, dakika mbili tu." Nikapumzika. Akaniuliza hali ya watoto, nikamjibu. Akanisifu kitenge. Halafu akanisogezea kioo, kile kinachokuza, akauliza kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya: "Haya ya chini ya macho, mama, yameanza lini?"

Sikujua kama yalikuwa yameanza.

Akanipaka jeli nyeupe kwenye shavu la kushoto, akaanza kusugua kwa vidole viwili, taratibu. Vikatoka vinyuzi. Vidogo, vya kijivu, vinajiviringa na kudondoka kwenye taulo jeupe alilonitandikia kifuani. Kadiri alivyosugua ndivyo vilivyozidi, na mimi ninayeoga asubuhi na jioni nikabaki nimeinamisha macho. "Unaona? Hii yote ni ngozi iliyokufa. Umetembea nayo miaka." Akafuta, akapaka serumu, akapaka krimu ya kolajeni, akanirudishia kioo. Shavu la kushoto linang'aa. La kulia limebaki vile nilivyoletwa nalo duniani.

"Na upande huu?" nikauliza.

"Huo ni wa kulinganishia, dada."

Nilikuwa nimeingia mama, sasa nimekuwa dada. Ilipofika zamu ya bei nikarudishwa umama, tena mama mwenye uwezo. Boksi zima, jeli na serumu na krimu, faranga laki sita. Nikacheka kwa adabu. Akashusha sauti: kwa kuwa ni mimi, laki nne. Nikasema nitarudi. Akasema bei hiyo inaisha leo. Nikasema sina pesa mkononi. Akasema Lumicash, pesa za simu, wanapokea. Akaitwa bosi kutoka nyuma ya pazia, mama wa makamo mwenye manukato mengi, akanishika bega, akasema ananiona kama mdogo wake, laki tatu, na sabuni juu yake. Katika kupanda na kushuka huko hakuna aliyetaja tena shavu la kulia. Hilo lilikuwa rehani.

Kilichoniokoa ni mtandao. Nilipojaribu kulipa, simu ilizunguka, ikazunguka, ikakataa. Siku nyingine zote ningetukana. Bosi akanipa pakiti ndogo ya jeli ya kujaribia nyumbani, akaandika namba yangu kwenye daftari, nikatoka na nusu ya uso.

Sasa, msomaji asiyekaa huku ajue kwamba Machi 2022 tuk-tuk, pikipiki na baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya mji. Mabasi nayo, kwa uhaba wa mafuta ya gari, yalikuwa na foleni ambamo watu walisimama wakitazamana nyuso, na uso wangu siku hiyo haukuwa wa kutazamwa. Nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, mtaa wa Buyenzi, jua la saa nane, vumbi linapepea. Waliokuwa kulia kwangu walinisalimu kama kawaida. Muuza vocha aliyekuwa kushoto aliniuliza kama naumwa jino. Krimu ya laki tatu ilikuwa inanata, na vumbi lote la njiani lilichagua kukaa pale. Upande uliosafishwa ndio uliofika nyumbani mchafu.

Shangazi alinipokea bila kuuliza. Yeye aliuza vitenge soko kuu mpaka lilipoungua, tarehe 27 Januari 2013, na kwake hakuna mbinu ya biashara iliyo mpya. Sokoni nako walikuvuta mkono, anasema, lakini nawe ulikuwa na haki ya kuvuta wako, kutaja nusu ya bei na kuondoka ukitukanwa. Haya ya kupewa kiti yeye anayaita utekaji. Aliichukua ile pakiti, akaikamulia juu ya meza ya plastiki, akasugua kwa vidole viwili. Vikatoka vinyuzi. Vya kijivu, vinajiviringa.

"Kumbe na meza yangu ina ngozi iliyokufa," akasema, "na niliinunua juzi."

Ndivyo zilivyo jeli hizo. Hutiwa kabomeri au selulosi, vitu vinavyogandamana vikisuguliwa huku vinakauka, na kile kinachodondoka kwenye taulo kwa sehemu kubwa ni jeli yenyewe pamoja na jasho lako. Kolajeni nayo ina molekuli kubwa mno kupenya ngozi. Hukaa juu, hulainisha kidogo, huoshwa jioni. Kulainisha huko hata Vaseline inakuweza. Mmarekani Robert Chesebrough aliyeipatia hataza mwaka 1872 aliiamini kiasi cha kula kijiko kimoja kila siku, na alifariki akiwa na miaka 96. Sikushauri kuila.

Wala sisemi ukimbilie vya bei rahisi vya kando ya barabara. Huko mzaha unakwisha. Mkorogo wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi huchuna ngozi kwelikweli, na zebaki hufika hadi kwenye figo. Ulaya haidrokwinoni hairuhusiwi tena kwenye vipodozi vya kujipaka, na jirani zetu Rwanda walianza kuzikamata krimu hizo madukani mwishoni mwa 2018. Ukinunua kopo, soma nyuma yake kabla ya kusoma mbele. Ukikuta halina orodha ya vilivyomo, rudisha.

Yule kijana bado anapiga simu. Ana heshima, anaanza na watoto, na bei imefika laki mbili. Mkipita pale mjini mkakaribishwa ndani, kaeni, kiyoyozi ni bure. Ila mwambieni asugue meza yake kwanza.