CD Isiyokuwepo

Seva yetu iko Dodoma, mimi niko Dar es Salaam. Treni ya umeme inakufikisha kwa saa nne hivi, flashi ya kusakinishia ikiwa mfukoni. Ila bosi alisikia mahali kwamba faili la ISO, yaani CD nzima iliyogeuzwa faili, linaweza kupachikwa kwa mbali, akafuta safari papo hapo. Posho nayo ikaenda na maji.

Hakukosea. Ndani ya seva za ofisini mna kikompyuta kingine cha usimamizi. Dell wanakiita iDRAC, HP wakakipa jina iLO. Hapa kazi yake ni kusema uongo tu: kinaiambia seva kwamba mtu amekuja akaingiza CD. Seva, pamoja na vichakataji vyake vyote vya bei mbaya, inaamini.

Mwanzoni tulikuwa tukibofya kwenye kivinjari, na kwa njia hiyo CD yenyewe ni laptopu yako. GB 4 kwenye laini inayopandisha Mbps 2 ni karibu saa nne na nusu. Abiria wa treni ameshashuka, anatafuta chipsi. Tena laptopu haitakiwi hata kusinzia. Mwenzangu alikwenda kula, mama wa usafi akaona skrini iko wazi, akaifunika vizuri vumbi lisiingie. Kule Dodoma usakinishaji ukafia njiani, na mama akashukuriwa kwa tabasamu la kulazimisha.

Tukahamia kwenye amri. Faili unaliweka kwenye mashine iliyo jirani na seva, kisha, kwa seva ya Dell kama yetu, unaandika racadm remoteimage -c, ukifuatisha jina, nywila na mahali faili lilipo. Ni kazi ya dakika moja, isipokuwa nywila yetu ilitungwa na watu wa usalama, na watu wa usalama wanapenda alama ya mshangao. Bash, programu inayopokea amri, ikiiona hudhani unataka amri ya zamani irudiwe, inakwenda kupekua historia, inarudi na malalamiko. Ukiifunga kwa nukuu mbili mbili bado inapekua. Inataka nukuu moja moja, basi.

Kuchomoa ni amri ileile, na -d badala ya -c. Hiyo -d sijawahi kuona mtu akiikimbilia. Kazi ikiisha watu hupongezana na kwenda nyumbani, CD ya uongo ikabaki ndani miezi na miezi.

Mpaka siku ya mishahara. Zamu ya usiku iliiwasha seva upya baada ya masasisho. Seva, iliyopangwa kutazama CD kwanza, ikatazama, ikaikuta. Asubuhi simu: "Kaka, mfumo wa mishahara haufunguki." Nafungua skrini ya mbali, nakaribishwa kwa heshima zote na kuombwa nichague lugha. Kurasa chache mbele ya swali hilo kuna jingine, la kufuta diski.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani mkononi.

"Mbona inauliza kitu chepesi? Ichagulie Kiingereza, watu walipwe."