Sifa za Mwenye Yadi Asiyetoa Ufunguo

Huku mwambao tumesifia vingi. Mnazi umesifiwa mpaka makuti yake, jahazi limesifiwa hata baada ya kuoza, na harusi haiishi bila mtu kuwasifu wakwe ambao kesho yake atawasema. Muuza magari hajapata bahati hiyo. Jina lake likitajwa barazani, watu hushika mifuko yao. Leo nataka kumtolea sifa zake hadharani, wala si wote: namsifu yule ambaye ukimwambia ungependa kulijaribu gari barabarani kidogo, anautia ufunguo kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo, kisha anakuuliza kama umeshakunywa chai.

Tumwelewe vizuri. Bwana huyu si mchoyo wa kila kitu. Ukitaka kuijaribu Vitz au Probox atakurushia ufunguo kutoka pale alipoketi, na unaweza kwenda nayo Watamu ukanunua samaki ukarudi, asikuulize ulikuwa wapi. Uchoyo wake unachagua. Unaanzia kwenye Subaru Impreza WRX yenye tundu la kunyonyea hewa juu ya boneti, unapitia kwenye Golf GTI, unaishia kwenye Forester ya turbo. Hapo ndipo sura inapobadilika, sauti inashuka, na unaambiwa maneno ambayo yangefaa kuandikwa juu ya geti la kila yadi: "Ndugu yangu, gari la mbio halijaribiwi. Lanunuliwa."

Wenye roho mbaya husema anaficha ubovu. Nitafika huko. Kwanza tuitazame hekima yake, maana mtu huyu anaijua barabara yetu kuliko wahandisi walioichora.

Tuseme amekuwa mwepesi, amekupa hiyo WRX, nawe umetoka getini Malindi. Gari hili likiwa zima hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 5 au 6. Sekunde ya kwanza una tuktuk mbele yako inayogeuza bila kutoa ishara. Ya pili, bodaboda aliyebeba godoro. Ya tatu ni tuta, na baada ya hapo huna haja ya kuhesabu tena. Ukishika njia ya Mombasa utapita Gede, Mida, Matsangoni, Roka na Tezo. Vijiji vina shule, shule zina matuta, na yapo matuta yasiyo na rangi wala kibao ambayo dereva huyajua kwa kichwa chake kugonga paa. Mkono wa kulia ni msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndovu wake hawajawahi kufunzwa kanuni za barabarani. Ukienda kaskazini ukavuka Sabaki kuelekea Gongoni, utakaa nyuma ya lori la chumvi mpaka ukumbuke madeni yako yote. Mjini sheria inakutaka usizidi 50. Hiyo WRX kwa gia ya pili inazidi 50 kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Kilifi nako ni yale yale. Wazee wanakumbuka kupanga foleni ya feri kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Daraja likaja, feri ikaondoka, foleni ikabaki: tumeihamishia kwenye matuta, na siku hizi kwenye vumbi la upanuzi wa barabara ya kutoka Mombasa kupitia Mtwapa. Na magari mengi ya aina hii huja kutoka Japani yakiwa yameshushwa chini na vijana wa huko, ambao barabara zao ni laini. Gari kama hilo likifika hapa, bampa la mbele linakuwa mali ya umma, kila tuta linachukua kipande. Basi mwenye yadi anapokuuliza, "Utajaribu nini, mwanangu? Tuta?", usidhani anakudharau. Ametoa ripoti ya uhandisi kwa maneno manne.

Kusema kweli, chombo pekee kilichowahi kukimbia ipasavyo katika kaunti hii kilikimbia kwenda juu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano na Wamarekani walirusha roketi aina ya Scout iliyobeba setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, wakaipa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri. Ilipaa, ikafanya kazi iliyotumwa, na wanasayansi wanaikumbuka hadi leo. Wala hakuna aliyeomba aizungushe kwanza hadi Mambrui aone inavyokamata kona.

Sasa tuje kwenye sheria, maana bwana wetu ni mlinzi wa haki ingawa hana kanzu ya mahakama. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema kwamba ukinunua bidhaa kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo, bidhaa hizo ziwe na ubora wa kuuzika. Lakini sheria hiyo hiyo ina mkia: kama mnunuzi amezikagua bidhaa, hawezi tena kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Umeona? Anayekupa ufunguo anakunyang'anya kesi yako. Anayekunyima anakutunzia, nzima, haijaguswa, ukaitumie mbele ya hakimu siku injini itakapokufa. Mawakili wangapi hufanya kazi hiyo bila kudai ada? Kweli, mkono ule ule ulioficha ufunguo ndio utakaokuletea karatasi ya makubaliano yenye mstari unaosema gari limeuzwa jinsi lilivyo na pale lilipo. Mkono wa kulia unakulinda, wa kushoto unakusainisha. Hakuna binadamu mkamilifu.

Na bima je? Sheria inalazimisha bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Lile gari lenyewe halimo. Ukimgonga mpita njia, yeye atalipwa, na mwenye yadi atabaki na vyuma. Hapa, naomba radhi kwa wanaotaka utani mtupu, bwana huyu ana haki kabisa. Muuza halwa anakuonjesha kwa sababu hakuna aliyewahi kutoroka na tonge la halwa kwa kilomita 180 kwa saa. Hata Ulaya, wauzaji wa Ferrari na Porsche huwachuja watu kabla ya kuwapa usukani.

Tatizo ni kwamba kuchuja hapa kwetu ni kazi ngumu. Nairobi wanaweza kumtazama mtu viatu wakajua. Malindi viatu vinadanganya. Mzee aliyevaa kikoi kilichopauka na ndara zilizoshonwa kwa waya huenda ni Mwitaliano mwenye nyumba nne Casuarina, au Mgiriama mwenye mikorosho isiyohesabika na pesa taslimu ndani ya mfuko wa unga. Aliyevaa suti na tai kwenye joto lile, mara nyingi suti si yake. Halafu kuna vijana wa Jumamosi. Wanakuja watano, mmoja ananunua, wanne ni washauri, na simu imeshawashwa kurekodi kabla hawajauliza bei. Wanataka kulizungusha gari mara moja tu, wapate video. Mwenye yadi ameshindwa kuwatenganisha wenye hela na wenye simu, akaamua kuwanyima wote sawasawa. Katika nchi hii ambamo kila huduma ina mlango wa nyuma, nionyeshe mahali pengine ambapo tajiri na kapuku wanapewa jibu moja.

Akikuonea huruma sana, ataendesha yeye nawe uketi kushoto. Watu hulalamika kwamba hilo si jaribio. Wanasahau historia ya mji. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498 akitafuta njia ya kwenda India, mfalme wa Malindi hakumwambia ajaribu mwenyewe. Alimpa rubani anayeijua bahari, akamfikisha Calicut. Desturi ya Malindi tangu zamani ni hiyo: mgeni hupewa mtu wa kumwendesha. Tofauti ni kwamba rubani wa mfalme alivuka bahari nzima, na huyu wa yadi anavuka hadi kituo cha mafuta na kugeuza, kwa sababu tangi lina mafuta ya kufika hapo tu. Taa ya mafuta kwenye magari ya yadi sijui nani huwa anaizima. Kila nilipochungulia dashibodi ilikuwa inawaka.

Tena kumbuka kwamba yeye mwenyewe hakujaribu. Gari hilo alilinunua akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kwa picha kumi za kwenye simu na karatasi ya mnada wa Japani iliyoandikwa daraja: 4, 3.5, au ile herufi R inayomaanisha limewahi kupata ajali likatengenezwa. Alituma dola kwa mtu asiyemjua, akangoja meli, akalipa ushuru bandarini Mombasa, akaomba Mungu. Kenya inakataa magari yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo ya turbo yanayoruhusiwa ni ghali, na yale ya zamani ambayo vijana wanayaota yanazunguka humu humu nchini, mkono kwa mkono. Mtu aliyenunua bila kuonja, utamwambiaje akuonjeshe?

Haya, ubovu. Nilisema nitafika.

Injini ya Subaru imelaza pistoni zake ubavuni, na mabomba yake ya kutolea moshi yasiyolingana urefu ndiyo siri ya ule mngurumo. Ikiwa gasketi ya hedi imeanza kuchoka, asubuhi ikiwa baridi itanguruma vizuri tu. Inahitaji kupata moto na kubebeshwa kazi ndipo maji yaanze kupanda. Klachi iliyokwisha haisemi kitu gari likiwa limesimama. Kanyaga mafuta kwenye gia ya nne mlimani ndipo usikie injini inapanda na gari halipandi. Turbo inayovujisha oili hutoa moshi wake baada ya kuvuta kwa muda. Yote matatu yanataka robo saa barabarani. Bwana wetu anakupa dakika moja pale pale chini ya mwarobaini: "Washa usikie." Ukishasikia, anazima. Ni kipimo kilichopimwa kwa ustadi mkubwa, na nadhani hata mafundi wa kiwanda hawajui kwa usahihi namna hiyo ni wakati gani hasa gari lao linaanza kusema ukweli.

Lakini tusimtupie lawama yeye peke yake. Anajua anamuuzia nani. Mnunuzi wa gari hili leo ni baba wa miaka arobaini na kitu, mwenye mkopo wa sacco, ambaye alikuwa mtoto Patrick Njiru alipoingia Safari Rally ya 1993 na Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, akakifikisha mwisho; na aliyesimama kando ya redio mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari kwa Impreza. Amelibeba gari hilo moyoni miaka yote hiyo. Ukimpa aliendeshe nusu saa kati ya Malindi na Mida atajua kwamba viti ni vigumu, springi zinamtikisa figo, mafuta yanaisha kama yamemwagika, na mkewe hataki kulipanda. Ndoto ya miaka thelathini itafia Gede. Mwenye yadi hataki damu hiyo mikononi mwake. Anakanyaga mafuta mara mbili, mwarobaini unapukutisha majani, wapita njia wanageuka, na baba wa watu anatoa kalamu mwenyewe.

Asije mtu akasema nadharau magari yaliyotumika. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika kabla ya kufika mikononi mwao, wakawaacha nyuma wenye magari mapya ya viwanda. Ila Joginder alikuwa fundi. Aliijua kila nati ya gari lake. Sisi wengine tunajua rangi.

Kwa hiyo msomaji, ukienda kumtembelea bwana huyu, nenda asubuhi mapema na uweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Likiwa na moto, limeshapashwa kwa ajili yako. Chukua fundi wako mwenyewe, si yule anayelala pale yadi. Beba lita tano za mafuta kwenye mtungi ili kisingizio hicho kife mapema. Ule mstari wa "jinsi lilivyo" usiusaini kabla gari halijatembea. Mwambie aendeshe yeye, wewe na fundi mketi, muende mpaka mshale wa joto upande na mrudi. Akikataa hata hilo, mpe mkono wa shukrani na uondoke na hela zako zote.